Theluthi ya Mtu

Ofisi ya jumuiya tumepanga ubavuni mwa ghala la chama cha msingi,
hivyo kila kanuni tuliyowahi kuitunga
inanuka tumbaku.

Tuko tisa. Akidi imetimia. Naandika:
Kikao kimefunguliwa saa nne na robo.
Nje pikipiki ya Kasanda inapoa, inalia tik, tik,
kama inayehesabu kabla yetu.

Hoja ni moja: bwawa la Isongwa.
Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza
mtu asipige kambi, asitundike mzinga, asipitishe ng'ombe
hatua mia tano kutoka kwenye maji,
ili korongo na palahala wanywe bila kutazama nyuma.
(Bila kutazama nyuma ni maneno ya Nyamizi, mrina asali.
Niliyaandika, kisha nikayakata.
Muhtasari hautaki uzuri.)

Mikono saba juu.
Wa Magulyati umelala pajani, una ng'ombe arobaini wa kuufikiria.
Wa Lubango unakuna sikio,
haukunyooka, haukukataa.

Mwenyekiti akaifungua katiba, mchwa wameshaila pembeni.
Ibara ya kumi na tisa:
Kanuni itatungwa kwa kura za theluthi mbili ya wajumbe wote.
Akarudia neno la mwisho.
Si waliohudhuria. Si waliobaki macho.
Wote.

Tulikuwa kumi na wawili. Theluthi mbili ni nane.
"Kiyungi tulimzika Mei," akasema Nyamizi,
"mtoeni marehemu kwenye hesabu."
Mto wake wa kukalia bado uko kwenye kiti, umebonyea katikati.
Tukamtoa. Kumi na moja.
Kasanda akabonyeza simu:
saba nukta tatu, tatu, tatu, tatu,
tatu zikakimbia mpaka ukingo wa kioo.

Saba na theluthi.

"Sasa theluthi ya mtu tutaipata wapi?" akauliza mwenyekiti.
"Tumkate nani?"
Tulicheka. Magulyati alicheka kutupita sote,
na ilikuwa haki yake.

Kumjaza Kiyungi kunataka mkutano mkuu.
Mkutano mkuu unasubiri malipo ya tumbaku.
Malipo, Mungu akipenda, Novemba,
na Novemba mvua imeshanyesha, kila dimbwi ni bwawa,
wala hakuna mnyama atakayehitaji kanuni yetu.

Mimi nilikuwa mtu wa kumi mle ndani.
Mtu mzima, si theluthi.
Mkono wa kulia ninao, una kalamu, una na maoni.
Ibara ya saba: Katibu hatakuwa na kura.
Niliinakili mwenyewe mwaka tuliosajiliwa,
kwa mwandiko ambao Sikonge nzima waliusifu,
na nilijiona msafi, kama mizani isiyo na njaa.

Naandika: Hoja haikupita.
Naweka nukta. Nukta inatanuka, karatasi ni mbovu.

Jioni nikapitia bwawani, ingawa si njia yangu.
Maji yamebaki upana wa sinia.
Kwenye tope kwato zimekuja, zimesita, zimerudi,
zimekuja tena.
Na pale kichaka kinapobana njia, kitanzi:
waya wa breki, umefungwa kwa fundo la mtu asiye na haraka.

Nikauinamia. Nikautambua kwa kile kipande cha rangi ya bluu
nilichoupaka mwenyewe.
Ni waya wangu. Breki ya nyuma,
iliyoibwa Juni mlangoni pa msikiti
tukiwa ndani tumesujudu.

Nikaufungua taratibu. Ulinichana kidole.
Nilizipitia ibara zote kichwani, thelathini na nne,
sikuona inayodai kura
ili mtu achukue waya wake.

Kisha nikapanda baiskeli, nikateremka mlima wa Isongwa
waya mfukoni, nikifunga breki kwa soli ya kiatu,
nikitunga ajenda ya kikao kijacho:
Namba tatu. Yatokanayo.